Siku tatu za mwezi wa saba hazitoshi kuijua Tanga

Dada yangu wa Mwanza, salaam kutoka Tanga. Umeniandikia kwamba mume wako ni fundi mitambo na ameahidiwa kazi hapa na mkandarasi anayetoa huduma bandarini. Kwamba mna watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha kwanza na mdogo ana pumu. Kwamba mnaishi na mama mkwe wako, ambaye huhudhuria kliniki ya presha. Na kwamba wewe ni fundi cherehani na ungependa kuendelea na kazi hiyo popote mtakapokuwa. Mmepanga kuja siku tatu mwezi wa saba, mfikie hotelini Raskazone, jamaa yenu awazungushe mjini kwa gari lake, na mkiridhika mnunue kiwanja upande wa Chongoleani kabla bei haijapanda. Unauliza kama mpango huo unatosha, na ni mambo gani myatazame.

Mpango huo hautoshi, na si kwa sababu ya uchache wa siku peke yake. Mwezi mliouchagua ndio unaoficha kasoro za mji huu kuliko mwezi mwingine wowote, hoteli mliyoichagua iko katika sehemu ambayo hamtaishi, na kiwanja ni jambo ambalo halipaswi kabisa kuwamo katika safari hii. Mimi ni mthamini wa majengo na ardhi, kazi iliyonifikisha karibu kila mtaa wa jiji hili, na nimeona kwamba waliokuja kuutazama mji ili waupende waliupenda, kwa kuwa Tanga inapendeka upesi. Ninawaomba ninyi mje kwa nia nyingine: mje kutafuta sababu za kutohamia. Mkizitafuta kwa bidii, kisha mkaona kwamba zile mlizozipata mnaweza kuishi nazo, uamuzi wenu utakuwa na msingi.

Nianze na mwezi. Ifikapo Julai masika yamekwisha, njia za mitaani zimekauka, kusi inavuma kutoka baharini na usiku mtu hujifunika shuka. Mgeni wa wakati huo huona mji tambarare, wenye miti na hewa nzuri, akaondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo ulivyo mwaka mzima. Mtu huyohuyo angekuja Mei, mwezi ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa, angezikuta baadhi ya njia hizo zimegeuka madimbwi. Angekuja Februari, angekutana na joto la mchana linalopita nyuzi 30 pamoja na unyevu wa bahari usioruhusu jasho kukauka. Ninyi mmezoea Mwanza, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hata baada ya siku ya jua kali usiku huleta nafuu. Hapa Tanga usiku wa Februari hauleti nafuu kubwa, na kwa mtu mzima mwenye presha, au kwa mtoto asiyepata usingizi, hilo ni jambo la kupimwa kabla ya jambo jingine lolote.

Barua yako imenifikia kabla ya masika, kwa hiyo nafasi ya kubadili mpango bado ipo. Sogezeni safari hadi Mei, na badala ya siku tatu zifanyeni saba au kumi, hata kama itawabidi kuja wawili tu, wewe na mume wako, na watoto wabaki na bibi yao. Kama ruhusa ya kazini haipatikani ila Julai, basi mjifunze kusoma alama zilizoachwa na mvua. Mkifika kwenye nyumba, msianze na sebule. Zungukeni nje na mtazame ukuta kwa chini: mafuriko huacha mstari wa tope ambao rangi mpya huufunika lakini haiufuti, na mkiweka kiganja pale mtaona lipu imelegea na inamomonyoka kama unga. Tazameni kizingiti, kwa sababu mwenye nyumba aliyewahi kuingiliwa na maji huinua kizingiti kwa tofali moja au mawili, na jirani zake hufanya vivyo hivyo. Tazameni miguu ya milango, mahali mbao zinapoanza kuoza. Ndani, ombeni ruhusa msogeze kabati au godoro lililoegemezwa ukutani, kisha muinue macho hadi kwenye kona za dari. Ukungu mweusi mtakaouona hapo ndio unaoamsha pumu, nao huota zaidi katika nyumba zenye madirisha madogo au zilizobanana kiasi kwamba upepo haupiti. Kwa ajili ya mtoto wenu, nyumba yenye ukungu muiache hata ikiwa kodi yake ni nusu ya nyingine.

Jambo la pili ni mahali pa kulala. Raskazone na Bombo ni sehemu nzuri, zina bahari na nyumba zenye viwanja vikubwa tangu enzi za wakoloni, lakini kwa kipato mlichonitajia hamtapanga huko. Wengi wenye kipato kama chenu huishi Ngamiani, ng'ambo ya reli ukitoka katikati ya mji, ambako barabara huitwa kwa namba, au katika mitaa kama Makorora, Mabawa, Mwanzange, Mikanjuni, Nguvumali na Majani Mapana, na wengine husogea hadi Kange iliko stendi ya mabasi ya mikoani, au Pongwe kando ya barabara iendayo Segera. Tafuteni chumba katika nyumba ya wageni ya kawaida kwenye mtaa mmojawapo kati ya hiyo, mlale siku nne, kisha mhamie mtaa mwingine mmalizie siku zilizobaki. Lengo ni kusikia mtaa saa tano za usiku na saa kumi na moja za alfajiri: muziki wa baa, mashine ya kusaga, malori, adhana, mbwa, watoto wanaoamshwa kwenda shule. Msemo wa zamani, "Tanga, waja leo waondoka leo", ni maarufu nchini kote, na anayetafuta makazi asiukubali: akeshe, aamke, apike, afue, ndipo aseme ameuona mji.

Ninaposema mpike na mfue ninamaanisha hivyo hasa. Jamaa yenu mwenye gari mshukuruni, mkale kwake siku moja, lakini msizungushwe naye. Gari hufupisha umbali na kufunga madirisha dhidi ya vumbi na harufu. Mume wako aamke siku mbili tofauti, atoke kwenye mtaa mnaoufikiria saa kumi na mbili asubuhi, apande daladala hadi lango la bandari, na aandike muda na nauli. Kisha arudi kwa njia hiyohiyo saa nne usiku, kwa kuwa kazi za bandarini huenda kwa zamu na meli haingoji mapambazuko. Wakati huo daladala zimepungua na atategemea bajaji au bodaboda, ambazo nauli yake ya usiku ni nyingine. Mji wetu ni tambarare, na watu wengi huenda kazini kwa baiskeli. Kwa fundi anayeishi Ngamiani au Mwanzange hilo linaweza kuokoa sehemu ya mshahara ambayo anayepanga Pongwe, zaidi ya kilomita kumi kutoka katikati ya mji, ataitumia barabarani kila mwezi.

Hapa inanibidi niizungumze kazi yenyewe, kwa sababu mji wote mnauchunguza kwa ajili yake na katika barua yako imepewa mstari mmoja tu. Bandari ya Tanga imebadilika kweli. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali, umbali wa takriban kilomita 1.7 kutoka gatini, na mizigo ikaletwa kwa matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea shehena. Sasa, baada ya mradi uliogharimu Sh bilioni 429.1, mlango wa bandari na eneo la kugeuzia meli vimechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, na gati mbili zenye urefu wa jumla wa mita 450 zimeboreshwa ili meli zifunge moja kwa moja. Upande wa pili wa ghuba, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017. Haya ni mambo makubwa, na matumaini ya mume wako yana msingi.

Lakini mradi una ajira za kujenga na ajira za kuendesha, na za kujenga ni nyingi zaidi na huisha. Bomba likishafukiwa na matenki yakishasimama, mahali palipohitaji maelfu ya mikono hutosheka na mamia. Kwa hiyo mume wako asiulize kama kazi ipo. Aulize mkataba ni wa muda gani, mkandarasi mwenyewe ana mkataba wa muda gani na aliyemwajiri, michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa kweli au inaandikwa tu kwenye hati ya mshahara, na fundi aliyekuwa na nafasi hiyo kabla yake ameondoka kwa nini. Swali hili la mwisho hujibiwa vizuri zaidi kwenye kibanda cha mama lishe karibu na lango la kazi kuliko ofisini; ale chakula cha mchana pale siku mbili, asikilize. Mji huu unajua maana ya kutegemea chanzo kimoja. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, sehemu kubwa ikitoka mkoa huu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki takriban tani 20,000. Nyuzi za plastiki zilishusha bei, mashamba yakaachwa vichaka, na familia zilizokuwa na mshahara wa uhakika zikajikuta hazina kitu. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kabla ya kukubali kazi moja, mume wako ahesabu ni waajiri wangapi wengine katika mji huu wanaohitaji ujuzi wake: viwanda vya saruji, kiwanda cha maziwa, gereji za malori yanayokwenda mpakani Horohoro, mashamba ya mkonge yaliyofufuliwa. Akipata watatu au wanne ambao angeweza kuwaendea kazi ya kwanza ikikatika, hilo lina thamani kuliko mshahara mkubwa kidogo.

Sasa kiwanja. Ninalisema hili kwa uzito wote nilionao: msinunue ardhi katika safari hii, na msije na fedha ya kununulia hata kama ni ya kushika tu. Ardhi iliyo jirani na mradi mkubwa huuzwa kwa haraka na kwa maneno mengi, na haraka hiyo ndiyo inayomzuia mnunuzi asifanye upekuzi. Pwani yetu ina mfano ulio karibu. Bagamoyo iliahidiwa bandari kubwa, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, bei za viwanja zikapanda, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Waliokopa ili wanunue waliendelea kulipa mkopo. Chongoleani bomba linafika kweli, hilo halina ubishi, lakini kufika kwa bomba hakufanyi kila shamba lililo karibu yake kuwa kiwanja cha kujenga. Liko eneo lililotwaliwa, liko litakalohitajika baadaye, na liko ambalo mpango wa matumizi ya ardhi hauruhusu makazi. Liko pia eneo la ufukweni, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na bado vipande vya aina hiyo hutembezwa na madalali kwa sifa ya kwamba vinatazama maji. Siku mtakayotaka kununua, baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuishi hapa, mtaanza ofisi ya ardhi kwa upekuzi rasmi wa hati, mtaangalia ramani ya mipango miji kwenye halmashauri ya jiji, na mtapeleka mpimaji wenu aone kama mawe ya mipaka yako pale hati inaposema. Kwa sasa mpange.

Katika kupanga, maji yatangulie mapambo. Tanga kwa huduma ya maji ina nafuu kuliko miji mingi. Maji hutoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Amani, na hukusanywa katika bwawa la Mabayani, na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya Sh bilioni 53.12 ili kupanua uzalishaji na mtandao wake. Hata hivyo bomba la mamlaka halijafika kila uchochoro kwa nguvu ileile. Fungueni bomba wenyewe saa moja asubuhi, wakati kila nyumba inachota, wala msiridhike na bomba lililofunguliwa saa nane mchana. Kama nyumba inategemea kisima, nawa mikono kwa sabuni ya kipande: ikikataa kutoa povu na mikono ikabaki inanata, maji yana chumvi au ni magumu, jambo la kawaida kwa visima vilivyo karibu na bahari ambako chini ni mwamba wa matumbawe. Kwa wewe unayefua na kupiga pasi nguo za wateja, maji hayo ni gharama ya sabuni na ni madoa kwenye vitambaa vyeupe.

Hewa ya bahari nayo inakula vyuma. Pitisheni kidole kwenye nondo za madirisha na kwenye misumari ya bati. Kutu inayobanduka na kuangukia sakafuni inawaambia mvua ijayo itaingilia wapi. Cherehani zako, dada, zitahitaji kupakwa mafuta mara nyingi kuliko ulivyozoea huko, na ziwekwe mbali na dirisha linaloelekea baharini.

Kuhusu mtoto mwenye pumu, ukungu nimekwisha kuutaja. Jingine ni vumbi. Pongwe na Maweni kuna viwanda vya saruji, na upande wa Amboni na Kiomoni mawe ya chokaa huchimbwa na kuchomwa. Pia barabara kuu ya kuingia mjini hubeba malori mchana na usiku. Sisemi kwamba mitaa ya huko haikaliki, kwa maana maelfu ya watu wanaishi na kulea humo. Ninasema kwamba mtoto wenu ana hitaji lake, na linapimwa kwa macho: tazameni majani ya miembe na mapaa ya nyumba zilizo mtaa mnaoutaka, na rudini tena upepo ukiwa umebadilika, kwa kuwa kusi na kaskazi hazipeleki vumbi mahali pamoja. Mama mwenye mtoto mwenye pumu hapohapo mtaani atawaambia mengi kuliko mimi. Mtampata kwenye zahanati. Msisahau pia mbu. Mlipuko wa homa ya dengue wa mwaka 2019 ulizigusa zaidi Dar es Salaam na Tanga, na mbu wake huuma mchana na kuzaliana katika maji masafi yaliyosimama, kwa hiyo mtaa wenye ndoo wazi, matairi na vifuu vya nazi vilivyojaa maji uani mwa kila nyumba unahitaji kufikiriwa mara mbili.

Kwa shule, tangulizeni kalenda. Mkubwa wenu akiingia kidato cha pili atakuwa katika mwaka wa upimaji wa kitaifa, na watahiniwa husajiliwa kwa shule walizomo. Kumhamisha katikati ya mwaka huo ni kumtafutia usumbufu. Mwacheni amalize kidato cha kwanza Mwanza, na uhamisho ufanyike kabla shule hazijafunguliwa Januari, au usubiri hadi aingie kidato cha tatu. Matokeo ya kila shule hutolewa hadharani na Baraza la Mitihani, basi yatazameni ya miaka mitatu mfululizo mkiwa hukohuko, ili mkija hapa kazi yenu iwe kusimama langoni asubuhi na kuona wanafunzi wanavyofika, saa ngapi, kwa usafiri gani, na walimu wanavyowapokea. Kwa wadogo, umbali wa kwenda kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa utangulie sifa ya jina la shule.

Mama mkwe wako atahitaji kliniki anayoweza kuifikia bila kuchoshwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ndiyo kubwa, iko karibu na bahari, na wataalamu wengi wako pale. Nendeni siku ya kliniki ya presha, asubuhi na mapema, mkae kwenye benchi kama wagonjwa wengine, mwone foleni inakwenda vipi na kama dawa anazotumia hupatikana palepale au huandikiwa mtu akanunue nje. Kisha tafuteni kituo cha afya au zahanati iliyo karibu na mtaa wenu, maana kwa kupima na kuchukua dawa za mwezi hahitaji kwenda Bombo kila mara. Bima yenu itajwe kwa jina pale mapokezi na mpate jibu la wazi kama inapokelewa.

Kazi yako ya ushonaji inastahili siku nzima, na uifanye peke yako. Wateja wa pwani wana misimu yao: mwezi kabla ya Idi mafundi hukesha, Januari ni sare za shule, na harusi huja kwa makundi baada ya Ramadhani. Nguo nazo si zile ulizozoea zaidi; hapa utaombwa madera, mabaibui na kanzu, na mteja wa Tanga anazijua nguo hizo vizuri, hatapokea pindo lililopinda. Pita Ngamiani kwa miguu, kisha uende kwa wauzaji wa nyuzi, zipu na vifungo, uwaulize mafundi wanaonunua kwa wingi wako barabara zipi. Ukishajua, tazama kama fremu zao zina nguo zinazosubiri au mafundi wanaosubiri. Uliza kodi ya fremu, uliza umeme hukatika saa zipi, na umuulize fundi mmoja, baada ya kushona naye kitu kidogo na kumlipa, kama mgeni hupokelewa. Ukiweza kuwapo siku ya Ijumaa utaona jinsi biashara inavyotulia mchana na kuchangamka jioni. Sokoni Mgandini nenda na orodha ya chakula mnachokula kwa wiki, ununue kweli. Samaki mtawapata, ingawa si sato wala sangara wa ziwani. Mihogo, nazi na machungwa ya Muheza ni kwa bei nzuri. Lakini angalieni mchele na nyama, ambavyo ndivyo hubeba bajeti ya familia yenye watu sita.

Kabla ya kutoa fedha ya pango, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ndio watakaowatambua siku mtakapohitaji barua yoyote, na ndio wanaojua nyumba ipi ina mgogoro wa mirathi, njia ipi hujaa maji, ulinzi shirikishi unafanya kazi au umelala. Ingieni kwa hodi, msalimie kwa utaratibu, mkisema mnatoka wapi na mnatafuta nini. Hapa anayekwenda moja kwa moja kwenye shida yake bila salamu huonekana hana malezi, na hajibiwi vizuri. Dalali mtamhitaji, na malipo yake yaliyozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja, lakini asipokee kodi yenyewe. Kodi mpeni mwenye nyumba uso kwa uso, kwa mkataba wa maandishi wenye shahidi, na mjaribu kuomba miezi mitatu badala ya sita au kumi na miwili. Mita ya LUKU iwe yenu peke yenu. Kushirikiana mita na wapangaji wengine kumevunja ujirani wa watu wengi wema.

Liko moja ambalo hukuliuliza. Kati ya Mwanza na Tanga kuna zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Msiba ukitokea kwenu usiku, mazishi ya kesho yake hamtayawahi kwa basi. Kaeni na mama mkwe wako na wazee wa pande zote mbili mlizungumze hilo waziwazi, na mtenge fedha ya nauli ya dharura kabla ya kutenga ya samani.

Mpango ninaowapendekezea, basi, ni huu. Njooni Mei wewe na mume wako. Kazi ikithibitika kwa mkataba uliosomwa na kueleweka, yeye aanze, apange nyumba ndogo kwa muda mfupi katika mtaa mliokubaliana, nawe ubaki Mwanza hadi shule zifungwe. Desemba, likizo ndefu ikianza, njooni wote pamoja na mama, mkae katika nyumba hiyo wiki zote za likizo kama wenyeji. Joto la kaskazi litakuwa limeanza, na mtaona mtoto anavyopumua usiku, mama anavyolala, na maji yanavyotoka. Nafasi ya shule ya mkubwa iombwe mapema, mwezi wa kumi na moja, ili iwepo mkiihitaji. Nyumba ya Mwanza msiirudishe kwa mwenyewe, wala vyombo vyenu msiviuze, hadi likizo hiyo iishe na mama mkwe wako awe ameulizwa faragha, bila watoto kuwapo, kama anaweza kuishi hapa.